Mshumaa Ndani ya Stoo

Watu wengi wa Goma huogopa kilicho juu. Wakiamka asubuhi, macho yao huenda kwanza mlimani, kuangalia moshi wa volkano umekaaje. Mimi huangalia chini. Nikiingia kiwanja nisichokijua, natafuta penye shimo, penye mfereji, kona ambayo maji yangetuama, na mwili wote unajivuta nyuma kabla sijaamua lolote. Wanawake ninaoshona nao hunicheka, wanasema natembea kama mtu aliyedondosha hereni. Wacheke tu. Mimi najua nilichokiona.

Nilikuwa bado msichana mdogo. Tulikuwa tumehama kutoka upande wa Bukavu, baba amepata kazi ya ukarani mjini, nasi tukapanga nyumba pembeni mwa Mugunga kwa sababu huko ndiko nyumba zilikopatikana. Ardhi ya pale ni mawe meusi ya lava, ina vibonde na mashimo mengi, na katika baadhi yake hulala mazuku. Mgeni akiuliza mazuku ni nini, tunamjibu kwamba ni upepo mbaya. Ni hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi, haina harufu, hujaa bondeni kama maji yanavyojaa beseni, na mtu akiingia humo hatoki. Siku moja mbuzi wetu alitelemka bondeni kutafuta majani, na kaka yangu akamfuata. Lile bonde halikuwa na kina cha kumficha mtu. Nilisimama ukingoni nikiliona lote. Alishika kamba ya mbuzi, akapiga magoti, nikadhani anamfungua mguu. Kisha akajilaza ubavuni. Nilimwita kwa hasira, maana mama alikuwa anatungoja. Kimya. Hapakuwa na damu wala kelele, na kando yao niliona ndege wadogo wawili watatu waliokwisha kulala vilevile.

Tangu hapo kichwa changu kilijipanga upya. Kibaya kiko chini, kimetulia, kinangoja. Nilipokuwa mama nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na nililisema kila asubuhi kabla ya chai: asinichukulie mtoto kwa njia ile, kimyakimya, mimi nikiwa nimesimama pembeni naangalia.

Watu wa huku tuna namna yetu ya kujikinga. Kabla ya kushuka shimoni, kabla ya kuhamia nyumba mpya, unawasha mshumaa na kuushusha chini, chini kabisa, mpaka karibu na udongo. Moto ukizimika, mazuku yapo, ondoka. Ukiendelea kuwaka, unaweza kukaa. Hakuna anayetufundisha jambo hili shuleni. Tunalikuta nyumbani, pamoja na kuwasha makaa na kumfunga mtoto mgongoni.

Mwanaume aliyenioa anatoka kwenye milima ya Masisi. Kwao mchumba hupimwa kwa ng'ombe. Yeye hakuwa na ng'ombe, alikuwa na leseni ya udereva. Alikuja na habari kwamba amepata kiwanja mtaa wa Katoyi, humu mjini, na kwamba angetujengea hapo nyumba ya mbao. Nilienda kukiangalia, nikasimama barabarani, nikakataa kuingia. Kilikuwa na mteremko, na upande wa chini mawe yalikuwa yamebonyea. Mwanaume mwingine angeniita mjinga, na wengine walikuwa wameshaniita. Yeye hakubishana. Alienda kioski akarudi na mshumaa, akauwasha, akainama kama mtu anayepalilia maharage, akakizunguka kiwanja chote akiurudisha mkono nyuma na mbele usawa wa vifundo vya miguu, kiganja cha pili kikizuia upepo. Majirani walitoka kumtazama na kucheka. Aliingia kila kona. Alipomaliza, nta ilikuwa imemgandia vidoleni na suruali imechafuka magotini.

“Imewaka fasi yote,” aliniambia. “Utalala hapa bila woga.”

Wenzangu husimulia walivyopendwa kwa vitenge na kwa maneno matamu. Mimi nilikubali kuolewa kwa sababu ya mshumaa ule.

Nyumba ikajengwa, ya mbao, mabati juu, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe. Mwisho wa nyumba palikuwa na stoo ndogo ya vifaa vyake vya gari, imepakana na chumba cha kulala. Binti yetu alipozaliwa na kufikia umri wa kulala peke yake, nilimwagiza fundi amtengenezee kitanda cha miguu mirefu. Kilikuwa juu kiasi kwamba nikitaka kumshusha lazima nipande kigoda. Mama mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuikimbia milima yao na kuja kukaa nasi, alikitazama kile kitanda akauliza kama tunafuga mtoto au njiwa. Lakini hata yeye alikuwa amepita Mugunga, kwenye kambi ya waliokimbia vita, na alijua watu wa pale wanaogopa nini. Hakuuliza tena.

Kisha ikaja hali hii tuliyonayo sasa. Sina haja ya kuieleza kwa mtu wa hapa, na asiye wa hapa ajue tu kwamba benki zilifunga milango, barabara zikawa na wenyewe, na petroli, esansi kama tunavyoiita, ikawa kitu cha kunong'onezana. Ilipopatikana iliuzwa kwenye chupa barabarani, na hukujua imechanganywa na nini. Mume wangu alikuwa akipeleka abiria mpaka Kalengera na kurudi. Safari hizo zilikwisha. Gari likakaa uani, na kuku wakaanza kutaga chini yake.

Dereva aliyekaa nyumbani ni ugonjwa. Alitengeneza mlango uliokuwa mzima. Alipigilia misumari viti ambavyo havikulegea. Alikichokonoa cherehani changu mpaka kikaanza kuruka mishono, nikamfukuza. Baada ya hapo akahamia kwenye simu, na huko ndiko alikokutana na hidrojeni.

Alinieleza nikiwa nakata kitambaa. Maji, alisema, ni hewa mbili zilizofungwa pamoja. Ukiyapitishia umeme, zinaachana, moja inatokea upande huu na nyingine upande ule. Mojawapo, gesi hiyo ya hidrojeni, inawaka ndani ya injini mahali pa esansi, na kwenye bomba la nyuma hautoki moshi, yanatoka maji. Alikuwa ameona watu wa nchi nyingine wakiendesha magari namna hiyo.

“Tuko na maji ya ziwa mpaka kule Bukavu,” alisema. “Tuko na jua. Tunakosa nini?”

Nilimjibu kwamba tunakosa akili. Akacheka, nami nikacheka, lakini mkasi nilikuwa nimeuweka chini. Alikuwa ametamka neno gesi, na kwa mtu wa Goma gesi ni ile iliyolala chini ya ziwa, ambayo kila mtu anaomba isiamke, au ni ile iliyomlaza kaka yangu. Sijawahi kusikia ya tatu iliyo rafiki. Nilimuuliza hii yake inakaaje. Akanisomea kwenye simu, kwa Kifaransa, kwamba ni nyepesi kuliko hewa zote. Alisoma kama watu wanavyosoma matangazo ya kanisani baada ya misa, maneno yanatoka na mtu ameshafikiria chakula. Kichwani alilijua neno hilo. Magoti yake yalijua mazuku tu.

Kazi ikaanza. Alipata betri ya lori na paneli ya jua kutoka kwa kinyozi aliyefunga kibanda. Alipata soda ile kali wanayotumia wanaopika sabuni, akaitia kwenye maji. Akahitaji chuma kisichoshika kutu, na siku moja nilipofungua kabati nikakuta sanduku la vijiko vyangu vya harusi ni tupu. Alikuwa amevikata mikia na kuvifunga nyaya. Nilimsema mpaka mama mkwe akatoka nje. Yeye alinivuta mkono, akanionyesha ndani ya chupa mbili: vijiko vyangu vimesimama majini, na kutoka kwenye kila kimoja yanapanda mapovu madogomadogo, hayakomi. Lazima niseme kwamba yalikuwa mazuri kutazama. Nilimwekea mtoto mkono machoni hata hivyo.

Hewa ya chupa moja aliiacha iende zake. Ya chupa ya pili, hidrojeni yenyewe, aliipitisha kwenye mpira mwembamba mpaka ndani ya tyubu kubwa ya tairi la lori. Tyubu ilivimba polepole kutwa nzima. Alipoona imejaa, aliibeba hadi kwenye gari kwa mikono miwili, akaunganisha mpira penye kuingilia hewa ya injini, akatuambia tukae mbali. Mama mkwe alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni na kusimama nyuma ya tangi la maji.

Injini ilikohoa, ikapasua kishindo kimoja kilichowatawanya kuku, ikazimika. Akarekebisha, akajaribu tena. Ilikohoa, ikashika. Sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa nyembamba, kavu, lakini ilikuwa inanguruma. Akaniita nije nyuma ya gari, nami nikaenda nikijivuta. Kwenye mdomo wa bomba tone lilijikusanya likadondoka kwenye kiganja chake, kisha jingine. Nikaweka kidole. Maji ya uvuguvugu, safi. Mume wangu alikuwa na uso wa mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa, na mimi nilifurahi naye, nilifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu nilijua kwamba sasa hataacha.

Tyubu moja ilikwisha upesi. Alitaka kuwa na nyingi, kiasi cha kumfikisha barabara ya Sake na kumrudisha, ili aone kama gari linaweza kubeba watu. Swali likawa ziwekwe wapi. Uani haikuwezekana. Siku hizi kitu kilicho nje si chako, na tena wenye bunduki walikuwa wanapita kwenye mtaa wetu wakiingia majumbani mwa watu. Hebu fikiria wanakuta chupa, nyaya, betri na mipira iliyovimba. Nani angewaeleza kwamba ni maji? Hofu hiyo tulikuwa nayo sote watatu, hatukuhitaji kuijadili. Kila kitu kikaingia stoo, na mlango wa stoo ukafungwa. Paneli peke yake ilibaki juu ya bati, ambako kila nyumba ina ya kwake.

Kwa hiyo ikawa hivi: upande huu wa ukuta wa mbao analala mtoto wangu, upande ule iko gesi.

Nilianza kuingia stoo kila asubuhi. Nilisimama mlangoni, nikizitazama zile tyubu zimelala sakafuni, nyeusi, na nikagundua kwamba zilizokuwa zimejaa jana leo zimelegea. Nilimwita. Akazibonyeza, akazipaka maji ya sabuni kutafuta pancha, hakuona povu lolote. Akakaza mipira, akafunga valvu upya. Kesho yake zilikuwa zimelegea tena.

“Sasa inaendaka wapi?” nilimuuliza.

Tulisimama pale mimi na yeye, na sote wawili tukatazama sakafu. Tukainama tukachungulia kati ya mbao, kule gizani kwenye mawe. Mtu wa Goma ukimwambia kuna gesi imetoka, ndivyo anavyofanya. Hatukuinua macho, hata mara moja.

Alinionea huruma, kwa sababu nilikuwa nimeacha kula vizuri na nilikuwa namwamsha mtoto kila mara kuona kama anapumua. Akasema atamaliza jambo hili kabisa. Alichukua msumeno akakata matundu chini ya ukuta wa nje wa stoo, usawa wa sakafu, ili gesi iteremke yenyewe kwenye mawe na kuelekea barabarani. Kisha akashughulikia ukuta wa chumba cha mtoto. Kama zilivyo nyumba nyingi za mbao, ukuta wetu haukufika kwenye bati. Juu palibaki nafasi ya kupitisha mkono. Alitandaza turubai zito nafasi yote hiyo, akalipigilia, akakaza matambara pembeni na mpaka kwenye mikunjo ya bati kuzunguka stoo nzima, ili pasipite kitu kwenda kwa mtoto na pasiwe na ufa wa mtu kuchungulia. Nilimshikia misumari. Ilikuwa kazi safi. Alipomaliza, juu pale hapakuwa na nafasi ya kupita hata inzi.

Nilimshukuru, na usingizi haukurudi. Sijui kueleza hofu yangu ya siku hizo isipokuwa kwa kusema kwamba ilikuwa na masikio. Nikishona, nilisimamisha cherehani kusikiliza. Niliposikia mapovu yakipanda nilikwenda kumwangalia mtoto, na yasiposikika nilikwenda mbio zaidi. Mwishowe, tukiwa tumemaliza kula mchana, nilimwambia mume wangu mbele ya mama yake kwamba nimeshindwa. Ama vile vitu viondoke ndani ya nyumba, ama mimi na mtoto twende kwa mama yangu siku hiyohiyo. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimechoka tu.

Yeye aliweka sahani chini, akavaa sandali, akatoka. Nilidhani amekasirika. Alirudi na mshumaa.

Alikuwa amekatisha umeme wa chupa tangu asubuhi. Jua lilikuwa kali, na mabati yalikuwa yanatoa ile milio midogo ya kujinyoosha. Mtoto amelala usingizi wa mchana juu ya kitanda chake. Mama mkwe alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na ungo wa maharage. Mume wangu aliuwasha mshumaa nje, uani, akaukinga na kiganja, akapiga magoti kwenye kizingiti cha stoo na kuingia akiwa ameinama. Mimi nilisimama nyuma yake, mlangoni.

Aliushusha mpaka nta ikadondoka kwenye mbao. Moto ulisimama wima. Akaupeleka kando ya ukuta wa mtoto, polepole, kisha chini ya tyubu moja baada ya nyingine, kisha kwenye kona, kisha kwenye yale matundu aliyoyakata, ambako upepo ulitaka kuuzima naye akauzuia kwa mkono. Haukuzimika popote. Niliutazama mgongo wake. Ulikuwa umeongezeka unene tangu kile kiwanja, na soli za sandali zake zilikuwa zimelika upande mmoja. Hofu ilianza kunitoka. Ndiyo, ilitoka kweli, niliihisi ikitelemka kutoka mabegani, na nikafikiri kwamba leo nitalala.

Akageuza uso akanitazama kutoka kule chini, akitabasamu.

“Unaona?” alisema. “Inawaka muzuri. Hapana mazuku humu.”

Nilimwambia kwamba naona. Basi akashika goti lake, akasimama ili atoke, na mkono ulioshika mshumaa ukapanda pamoja naye.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka mwanga usio na rangi, na mahali penye bati pakawa mbingu. Kisha nilikuwa nimekaa uani, nimejaa maharage kwenye nywele, na mama mkwe ananitikisa bega huku midomo yake ikienda bila maneno. Niliinuka. Miguu yangu ilinipeleka kwa mtoto. Haikuenda stoo. Sikuiambia iende huku wala kule, ilikwenda yenyewe.

Ukuta wa mbao ulikuwa umeegemea kitanda, na turubai limening'inia likifuka. Juu ya kitanda, mweupe kwa vumbi, mtoto amekaa, mdomo wazi, na hakuna sauti inayotoka. Nilijua kwamba lile jambo limenipata, kimyakimya kama nilivyoogopa siku zote. Nilipanda, nikamshika, na nilipomkandamiza kifuani ndipo nilipouhisi mwili wake mdogo ukitikisika kwa kilio. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Masikio yangu ndiyo yaliyokuwa hayasikii. Nilimkagua kichwa, mgongo, kidole kimoja kimoja, nikimlilia Mungu, na sauti zikaanza kunirudia kwa mbali.

Sauti ya kwanza niliyoitambua ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa ametokea pale ambapo ukuta wa nje ulikuwapo. Nyusi zilikuwa zimeondoka na nywele za mbele pia, ngozi ya mkono wa mshumaa na ya paji la uso imebadilika, macho ameyafumba. Damu ilikuwa inamtoka masikioni na kufuata shingo.

“Mutoto eko wapi?” aliuliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Mama yake akamwambia yupo, mzima. Akauliza tena. Nikamwendea na mtoto mikononi, nikamwambia yupo hapa.

“Mutoto eko wapi?”

“Eko hapa, papa,” nilisema karibu na uso wake. “Eko hapa.”

“Mutoto eko wapi?”

Nilimshika mkono ule mwingine, mzima, nikauweka juu ya kichwa cha binti yake. Akapapasa nywele, sikio, shavu lililolowa, mdomo uliofunguka. Hapo akaacha kuuliza, akakaa chini kwenye mawe.

Mtaa mzima ulikuwa umelala kifudifudi. Waliokuwa karibu na barabara walikwisha kukimbia wakiwa na magodoro kichwani, maana kwetu kishindo kina maana moja. Wenye bunduki walikuja, kama tulivyojua watakuja, na mama mkwe ndiye aliyesimama mbele yao na ungo wake, akawaambia ni gesi ya kupikia, na mwanangu huyo hapo anaungua, nipisheni. Wakampisha.

Hospitalini daktari aliniuliza gesi gani, nami nikamweleza kila kitu, kuanzia vijiko. Akasema, kwa upole, kwamba hiyo haikai chini. Inapanda. Inapenya hata kwenye mpira, inapanda, na ikikuta juu pameziba inakaa hapo ikijikusanya, na mshumaa ulioko sakafuni hauwezi kuijua. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, kichwa na macho vimefungwa bandeji, hasikii. Bandeji ya macho ilipoondolewa, siku ileile, alinitazama akaniuliza kwa kuinua mabega: ilikuwa nini? Niliinua kidole nikaelekeza juu. Akatazama dari kwa muda mrefu, kisha akatazama magoti yake.

Watu huniambia nishukuru, na ninashukuru. Macho yake yamepona. Mkono unafunga na kufungua. Masikio hayajarudi, daktari alisema tungoje, nasi tunangoja, ila sasa hatuulizi tena. Katika mji huu wenye pikipiki kila upande, dereva asiyesikia honi hawezi kuingia barabarani. Gari liko palepale uani, na kuku wamerudi chini yake. Aliingia stoo na mshumaa kwa ajili ya kunitoa woga, na hilo ndilo ninalolibeba. Kama angekuwa mume mkali aliyeniambia ninyamaze, leo angesikia.

Bati jipya lilipowekwa, nilimwita yule fundi wa kitanda. Nilimwambia akikate miguu, kiteremke. Akaweka msumeno tayari, akauliza kiasi gani. Chini naijua tangu utotoni. Juu nimeijua sasa. Nilisimama katikati ya chumba nikitafuta mahali pa kumlaza mtoto mmoja mdogo, na sikupaona.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Nilipiga sakafu kwa kisigino, kama tunavyomwita siku hizi, mbao zikampelekea habari, akageuka. Nikamwonyesha kitanda, msumeno, nikaupandisha mkono wangu na kuushusha: huku au huku? Hakuinuka. Alinyoosha kiganja mbele yake, akakiweka usawa wa macho yake alivyokuwa amekaa, akakishikilia hapo. Sikuelewa. Akaelekeza kidole kwa mtoto, kisha akajipitishia kidole shavuni, kutoka jichoni kwenda chini, njia ya machozi, kisha akayagusa macho yake mwenyewe: akilia, nimwone.

Fundi alitia alama ya penseli hapo hapo. Alipoanza kukata, mimi na mtoto tuliruka kwa ule mlio, na baba yake aliendelea kukitazama kitanda.